Kabla ya Kuchimba Chini ya Nyumba

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa nne liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, likiwa na wafanyabiashara, wateja na vibarua ndani yake. Zaidi ya watu 20 walipoteza maisha na wengine wengi walitolewa kwenye kifusi wakiwa wameumia. Maelezo yaliyotolewa hadharani siku zilizofuata yalitaja kazi ya kuchimba iliyokuwa ikifanyika chini ya jengo hilo ili kupata nafasi zaidi ya maduka. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliunda tume ya kukagua majengo ya Kariakoo.

Tume ni jambo jema, ila haiwezi kufika katika kila uwanja ambako wiki hii kuna mtu anachimba. Na wanaochimba ni wengi. Yupo mwenye kiwanja chembamba Kinondoni anayetaka magari yalale chini ili juu apate nyumba za kupangisha. Yupo mwenye nyumba iliyokwisha kusimama miaka mingi, ambaye fundi amemwambia kwamba chini ya sebule yake panaweza kutoka stoo kubwa. Wengi zaidi wanachimba tenki la maji au karo kando ya msingi, wala hawahesabu kuwa wanajenga chini ya ardhi. Nawaandikia hao wote, na pia jirani wa kila mmoja wao, kwa sababu udongo ulio chini ya nyumba yako ni sehemu ya udongo unaobeba nyumba ya mwenzako. Kibali cha kuchimba kimewekwa kwa ajili yenu wawili. Anayekikwepa anaweka rehani uhai wa watu ambao hawakuulizwa.

Kinachobadilika unaposhuka chini

Ukijenga juu ya ardhi, kazi kubwa ya msingi ni kubeba uzito unaoshuka. Ukishuka chini ya ardhi, unapata mizigo miwili mipya ambayo mafundi wengi wa mtaani hawajazoea kuihesabu.

Mzigo wa kwanza unatoka pembeni. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa karibu tani 1.8, na udongo huo ukikatwa wima unataka kuangukia kwenye nafasi iliyo wazi. Msukumo wake unaongezeka kadiri unavyokwenda chini, na unaongezeka zaidi ikiwa juu ya ukingo kuna ukuta wa jirani, gari, au rundo la kokoto na tofali. Ukuta wa tofali za kawaida haukutengenezwa kuzuia msukumo huo. Ukuta wa besmenti, yaani ghorofa iliyo chini ya ardhi, unahitaji zege lenye nondo zilizopigiwa hesabu na mhandisi, na kabla haujakamilika ni lazima kitu kingine kiushikilie udongo kwa muda. Hatari kubwa iko katika siku hizo za katikati, shimo likiwa wazi na ukuta haujasimama.

Mzigo wa pili ni maji, nayo husukuma kutoka chini kwenda juu. Chukua besmenti yenye urefu wa mita 12 na upana wa mita 10, ambayo mita 2 za kina chake ziko chini ya usawa wa maji ya ardhini. Inachukua nafasi ya mita za ujazo 240 za maji, kwa hiyo inasukumwa juu kwa nguvu ya tani 240. Nyumba ya ghorofa moja inaweza kukosa uzito wa kutosha kushindana na nguvu hiyo, hasa wakati wa ujenzi ambapo ghorofa za juu bado hazijapandishwa. Sakafu hupasuka au jengo hunyanyuka upande mmoja. Dar es Salaam ina maeneo ya chini, kama bonde la Msimbazi na sehemu za Msasani na Mikocheni, ambako mchimbaji hukutana na maji mapema, na karibu na bahari maji yenyewe huwa na chumvi inayokula nondo.

Hata tenki la kuhifadhi maji linafuata kanuni hiyo hiyo. Likiwa tupu wakati wa masika, na udongo wa pembeni umejaa maji, linaweza kunyanyuka na kupasua mabomba yake. Kama unaishi mahali penye maji ya juu, usilimwage lote kwa ajili ya kulisafisha katikati ya mvua. Na tenki hilo au karo lisichimbwe likibanana na msingi wa nyumba, wa kwako wala wa jirani. Msingi mwingi wa nyumba za zamani haukushuka sana, na shimo lenye kina kirefu kuliko msingi, likiwa karibu nao, linauondolea udongo unaoushikilia. Mwambie mhandisi akuoneshe kwa mchoro umbali ulio salama kwa udongo wa kwako.

Ukishaelewa hayo, jiulize kwa dhati kama besmenti ndiyo jibu. Mara nyingi nafasi ile ile hupatikana kwa kuongeza ghorofa juu kwa msingi uliopimwa, au kwa kujenga stoo ndogo uani, kwa gharama ndogo na bila hofu. Anayeishia kukubali kwamba haihitaji ameokoa fedha zake na usingizi wa jirani.

Ofisi unazopaswa kupita

Wapo wanaosema, "Kiwanja ni changu, nina hati." Ni kweli kwamba Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inahesabu ardhi kuwa ni uso wa nchi pamoja na kilicho chini yake, isipokuwa madini na mafuta. Lakini hati hiyo inaishia kwenye bikoni zako, juu na chini. Ukuta wa besmenti ukivuka mpaka kwa nusu mita, umevamia kiwanja cha mtu hata kama hakuna anayeuona. Vivyo hivyo nanga za chuma ambazo wakandarasi huchoma kwa mlalo ndani ya udongo ili zishikilie ukuta: zikipita chini ya nyumba ya jirani bila ridhaa yake ya maandishi, mmeingia kwake.

Anza halmashauri, iwe ya jiji, manispaa au mji. Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 na kanuni za udhibiti wa uendelezaji zinataka kibali kabla ya kujenga, na kibali kinatolewa kwa michoro iliyowasilishwa. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Kibali cha nyumba ya ghorofa mbili hakikuruhusu kuongeza ghorofa ya chini ya ardhi baadaye. Michoro iliyopitishwa ikiwa haioneshi besmenti, besmenti hiyo haina kibali, hata kama karatasi ya juu imefungwa kwenye fremu sebuleni. Rudi na michoro mipya, ya usanifu na ya uhandisi, yenye kina cha shimo, unene wa kuta, umbali hadi mpaka na umbali hadi majengo yaliyo karibu. Kama jengo limekwisha kusimama na unataka kuchimba chini yake, sema hivyo waziwazi kwenye maombi. Hiyo ni kazi ngumu kuliko kujenga upya, na afisa anayepitisha michoro anapaswa kujua anapitisha nini.

Pili, hakikisha watu wako wamesajiliwa. Wahandisi wanasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Wakandarasi wanasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, inayowapanga kuanzia daraja la kwanza, ambalo ndilo kubwa, hadi la saba. Wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi wana bodi yao. Usiridhike na kadi ya biashara. Omba namba ya usajili, kisha ihakiki kwenye bodi husika. Mkandarasi akikuambia ana mhandisi wake, omba kukutana na huyo mhandisi na umuulize ni siku zipi atakuwepo uwanjani. Muhuri uliokodishwa kwa ajili ya kupitisha michoro hautakusaidia siku udongo utakapoanza kumomonyoka.

Tatu, kuna mazingira na maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, fukwe au ziwa pale zinapoweza kuharibu mazingira hayo. Kiwanja kikiwa kwenye ukanda huo, uliza chombo cha taifa kinachosimamia mazingira kabla hujalipa hata senti ya michoro. Kama utavuta maji ya ardhini kwa pampu ili shimo likauke, wasiliana na bodi ya maji ya bonde lako, ambayo kwa Dar es Salaam ni ya Wami/Ruvu. Uliza pia maji hayo yataelekezwa wapi. Kuyamwaga barabarani au kwenye mtaro wa mtaa ni kuhamishia taabu yako kwa wapita njia.

Nne, usalama wa wanaofanya kazi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 inawahusu vibarua wako kama inavyomhusu mfanyakazi wa kiwandani. Nchini Marekani kanuni inataka shimo linalofikia futi 5, yaani mita 1.5, liwekewe kinga ya kuzuia udongo kabla ya mtu kuingia, isipokuwa limechimbwa kwenye mwamba imara. Kipimo hicho kinafaa kukumbukwa popote, kwa sababu mtu aliyefukiwa hadi kifuani hawezi kupumua hata kama kichwa chake kiko wazi, na wenzake wanaoruka kumwokoa hufukiwa pamoja naye. Kijana anayeshuka na sururu kwa ujira wa siku ana mama anayemsubiri. Usimruhusu ashuke mahali ambapo wewe mwenyewe usingeshuka.

Msomaji wa Zanzibar ana sheria zake, na ndani ya Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, mamlaka ya hifadhi ya mji lazima iulizwe kwanza. Nyumba zile za mawe ya matumbawe na chokaa zinaegemeana, na kuchimba chini ya moja ni kuzichokoza zote. Nchini Kenya ruhusa inatolewa na serikali ya kaunti kwa Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, mradi unasajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi, na Kanuni ya Ujenzi ya mwaka 2024 imechukua nafasi ya ile ya 1968.

Kabla kijiko cha kuchimbia hakijafika

Fedha ya kwanza kutoka mfukoni iende kwenye kupima udongo. Vichimbwe visima vya majaribio vinavyoshuka chini zaidi ya kina cha besmenti unayoitaka, na vitoe majibu mawili: ni udongo wa aina gani katika kila tabaka, na maji yanaanza usawa gani. Swali la pili lina msimu wake. Ukipima mwezi Septemba ukaona pakavu, hujapata jibu la mwezi Mei. Acha bomba la kupimia kwenye kisima kimoja na upime tena masika yakiisha, wakati maji yamepanda. Kama mradi hauwezi kusubiri, mhandisi apige hesabu zake akichukulia usawa wa juu kabisa. Wenye viwanja kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, kama ulivyo sehemu nyingi za Nairobi, wana jambo la ziada: udongo huo huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, kwa hiyo unasukuma ukuta kwa nguvu tofauti kila msimu.

Kisha mwambie mhandisi aandike hatua za kuchimba. Mchoro wa jengo lililokamilika hautoshi. Unahitaji maelezo ya nini kitafanyika siku ya kwanza, nini kitazuia udongo kabla ya kwenda mita inayofuata, na nani ana mamlaka ya kusimamisha kazi. Kwenye kiwanja kilichobanwa, njia salama ni kusimamisha safu ya nguzo za zege ardhini kuzunguka eneo lote kwanza, ndipo udongo wa ndani utolewe. Kama ni lazima kushusha msingi uliopo, kazi hiyo hufanywa kwa vipande vifupi vya karibu mita moja, vikiachana. Kipande kimoja kinachimbwa, kinamwagwa zege na kukomaa, ndipo kingine kisicho jirani nacho kinafunguliwa. Fundi anayetaka kufungua upande mzima kwa mpigo mmoja ili "amalize haraka" asiruhusiwe kurudi uwanjani.

Kuhusu maji kuna njia tatu zinazotumika duniani: kupaka au kubandika utando usiopitisha maji, kutumia zege lililochanganywa na kusanifiwa lisipitishe maji, au kuyaacha yapenye kidogo na kuyakusanya nyuma ya ukuta wa ndani hadi kwenye shimo lenye pampu. Wataalamu wengi huunganisha mbili. Ukichagua pampu, kumbuka kwamba umeme hukatika mvua inapokuwa kubwa, yaani saa ile ile unayoihitaji. Weka pampu ya pili na chanzo kingine cha umeme. Swichi kubwa na mita visikae chini. Mlango wa kuingilia magari uinuliwe kidogo kabla ya kuteremka, ili maji ya barabarani yasipate njia.

Hesabu pia udongo utakaotoka. Shimo la mita 12 kwa 10 lenye kina cha mita 3 lina mita za ujazo 360, na udongo uliochimbwa huvimba kwa karibu robo, hivyo unafika 450. Kwa tipa la mita za ujazo 15 hizo ni safari 30 kwenye barabara ya mtaa wenye watoto wanaokwenda shule. Panga saa za kupita, na ujue kifusi kinamwagwa wapi kwa ruhusa ya nani. Kukitupa mtoni ni kuandaa mafuriko ya watu wa chini.

Jirani anahesabiwa kwanza

Uingereza wamelikabili suala hili kwa undani, hasa London ambako matajiri wamechimba chini ya nyumba zilizoungana. Sheria ya Kuta za Pamoja ya mwaka 1996 inamtaka anayechimba ndani ya mita 3 kutoka jengo la jirani, kwenda chini kuliko msingi wa jengo hilo, amwandikie jirani taarifa mwezi mmoja kabla. Umbali huo unafika mita 6 kama shimo litakata mstari wa nyuzi 45 unaoshuka kutoka chini ya msingi wa jirani. Mamlaka ya Kensington na Chelsea, jijini London, ilikwenda mbali zaidi mwaka 2015: kwa kawaida besmenti isizidi ghorofa moja, na isichukue zaidi ya nusu ya bustani. Hata hivyo, Novemba 2020 nyumba mbili za Chelsea ziliporomoka wakati wa kazi ya besmenti na majirani wakahamishwa usiku. Hakuna aliyekufa. Kanuni hazikuzuia ajali ile, lakini lengo la kanuni kama hizo ni kwamba kila jirani ajue nani anachimba, kwa michoro ipi, na nani wa kuwajibika.

Sisi hatuna sheria ya namna hiyo iliyosimama peke yake, lakini hilo halimwachi jirani mikono mitupu. Mahakama za Tanzania Bara zilirithi kanuni za kawaida za Uingereza (common law) zilizokuwepo tarehe 22 Julai 1920, kwa kadiri zinavyofaa mazingira yetu, na miongoni mwa zilizokuwa zimekwisha kukomaa ni haki ya ardhi kushikiliwa na ardhi iliyo jirani. Katika shauri la Dalton dhidi ya Angus, lililoamuliwa na mahakama ya juu ya Uingereza mwaka 1881, mchimbaji aliyeangusha jengo la jirani alitakiwa kulipa, na mwenye kazi hakuweza kujivua kwa kusema kosa ni la mkandarasi aliyemwajiri. Mwenye nyumba unayesoma hapa, lishike hilo. Kumlipa mkandarasi hakukuondolei wajibu kwa jirani yako.

Kwa hiyo fanya mambo manne hata kama hakuna afisa aliyekuagiza. Mtembelee jirani kabla ya kazi, umwoneshe michoro na umwachie nakala na namba ya simu ya mhandisi. Mwombe ruhusa mtu asiye na upande apige picha kuta, dari na sakafu zake, kila ufa upimwe upana na kuandikiwa tarehe, nanyi wawili mtie saini mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Weka alama za kupimia kwenye ukuta wake na zisomwe kila wiki. Kata bima ya ujenzi inayogusa mali na miili ya watu wengine, na umpe nakala. Picha hizo zinamlinda yeye asidhulumiwe, nazo zinakulinda wewe usidaiwe nyufa zilizokuwepo tangu nyumba ijengwe.

Ukiwa wewe ndiye jirani

Ukiona kijiko kinashuka upande wa pili wa ukuta na hakuna aliyekubishia hodi, usisubiri. Tazama kwanza kibao cha mradi. Kinapaswa kuonesha mwenye mradi, mkandarasi, mhandisi na namba zao. Kama hakipo, hiyo pekee ni sababu ya kwenda serikali ya mtaa. Piga picha za nyumba yako siku hiyo hiyo, ukiweka rula kando ya kila ufa na gazeti la siku likionekana.

Jua dalili zinazodai haraka. Ufa mpya unaopanda ngazi kwa ngazi kufuata maungio ya tofali, hasa ukiwa mpana juu kuliko chini. Mlango au dirisha lililokuwa likifunga vizuri likaanza kukwama. Sakafu kuachana na ukuta, au bomba la maji kupasuka bila sababu. Uwanja kati yako na shimo kupata mpasuko ulio sambamba na ukingo wake. Kisima chako kukauka ghafla, jambo linaloonesha kwamba pampu za jirani zinashusha maji ya ardhini, na udongo uliopoteza maji unaweza kutitia chini ya msingi wako. Ukisikia kuta zinalia au ukiona ufa unaokua kati ya asubuhi na jioni, toa watu nje kwanza, piga 114 kuwaita Zimamoto na Uokoaji, ndipo ufikirie mengine. Samani hununuliwa tena.

Kama hali si ya dharura, andika barua. Malalamiko ya mdomo hayana tarehe. Barua iende kwa mkurugenzi wa halmashauri kupitia mtendaji wa mtaa, nakala kwa mhandisi wa halmashauri na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ikiwa na picha na ombi moja lililo wazi: kazi isimame hadi michoro ikaguliwe. Halmashauri ina mamlaka ya kusimamisha ujenzi, na alama nyekundu ya X mnayoiona kwenye kuta za mtaani huweza kuwa sehemu ya mamlaka hayo. Weka nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Pakiwa na ukimya, nenda baraza la kata kwa usuluhishi au muone wakili kuhusu zuio la mahakama, kwa sababu fidia baada ya nyumba kuanguka hukawia sana kuliko zuio kabla haijaanguka.

Ukinunua au kupanga

Anayenunua nyumba ya ghorofani aombe kuona michoro iliyopitishwa na kibali cha kuhamia, kisha ashuke chini aone kwa macho. Kama mchoro unasema magari na yeye anakuta maduka, karakana au vitanda, matumizi yamebadilishwa. Aulize kwa kibali kipi. Nafasi iliyopangiwa magari ina mahesabu yake ya hewa, njia za kutokea na vizima moto, ambayo hayatoshi kwa watu wanaolala. Chini ya Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, aangalie pia kama besmenti ni mali ya pamoja au ya mtu mmoja, na nani analipia pampu.

Aliyepanga chumba cha chini ya ardhi adai mambo mawili bila haya: njia ya pili ya kutoka, na hewa inayopita. Jenereta na jiko la mkaa visiwashwe chini kamwe, hata mlango ukiwa wazi. Hewa ya sumu inayotoka humo haina rangi wala harufu, na mtu huizimikia akidhani ni usingizi.

Kazi ya madiwani

Mengi niliyoyaomba hapa yanategemea uungwana wa anayejenga, na uungwana hautoshi kuzuia msiba. Halmashauri za miji zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Sheria ndogo ya kurasa mbili ingeweza kuamuru kwamba hakuna kibali cha kuchimba chini ya kina fulani bila ripoti ya udongo, bila taarifa ya maandishi kwa majirani wote wanaopakana, bila picha za nyumba zao, na bila bima. Ingeweza pia kuamuru kwamba kuchimba chini ya jengo linalotumika kufanyike watu wakiwa wametoka, bila ubaguzi wala msamaha. Hakuna lolote kati ya hayo linalohitaji mashine mpya au mkopo kutoka nje.

Mkutano wa mtaa una ajenda ya mengineyo. Mkutano ujao, simama uulize ni mashimo mangapi yamepewa kibali katika kata yako na yapi hayana, na umwombe diwani apeleke hoja ya sheria ndogo hiyo kwenye baraza la madiwani kabla ya masika. Akijibu kwamba mambo haya yanahusu Kariakoo tu, mwoneshe tenki, karo na besmenti zilizo mtaani kwenu, kisha ombeni jibu liandikwe kwenye muhtasari.